Mwanga unaojibu kwa rangi nyingine: jinsi leza inavyosaidia kutambua uvimbe wa ubongo

Daktari wa upasuaji amefungua fuvu la mgonjwa na kutoa kipande kidogo cha uvimbe kwenye ubongo. Kabla ya kuendelea anahitaji jibu la swali moja: uvimbe huu ni wa aina gani? Aina fulani za uvimbe hutakiwa kuondolewa kadiri inavyowezekana. Nyingine, kama limfoma ya ubongo, hutibiwa zaidi kwa dawa na mionzi, na kuendelea kukata ni kumjeruhi mgonjwa bila faida.

Kwa zaidi ya karne moja jibu hilo limepatikana kwa njia ile ile. Kipande hupelekwa maabara, hugandishwa, hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, kisha mwanapatholojia hukitazama kwa hadubini. Kazi hiyo huchukua kama dakika 20 hadi 30. Muda wote huo mgonjwa yuko chini ya dawa ya usingizi, fuvu likiwa wazi, na daktari anasubiri.

Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba jibu linaweza kupatikana ndani ya chumba cha upasuaji kwa chini ya sekunde 150, bila kugandisha, bila kukata vipande vyembamba na bila kutia rangi. Walitumia miali miwili ya leza na kompyuta. Elimu iliyo nyuma ya kifaa hicho inaitwa spektroskopia isiyo ya mstari. Jina lake ni gumu, lakini wazo lenyewe linaeleweka. Katika makala haya tunaeleza lilikotoka, linafanyaje kazi, limefika wapi, na kwa nini bado halijafika katika hospitali nyingi.

Spektroskopia ni nini?

Kila kitu kina namna yake ya kupokea na kurudisha mwanga. Embe bivu huonekana la njano kwa sababu linameza sehemu ya mwanga wa buluu na kuziachia rangi nyingine zirudi machoni petu. Spektroskopia ni elimu ya kupima kwa makini ni rangi zipi zinamezwa, zipi zinarudishwa na zipi zinabadilishwa, ili kujua kitu kimetengenezwa kwa nini. Ndiyo njia iliyowawezesha wanasayansi kuona dalili za gesi ya heli kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, miaka mingi kabla gesi hiyo haijapatikana hapa duniani.

Molekuli nazo zina alama zao. Atomi ndani ya molekuli zimeungana kama mipira iliyofungwa kwa springi, na zinatikisika muda wote. Kila kiungo kina kasi yake ya mtikisiko. Kaboni na hidrojeni zilizo katika mafuta hutikisika kwa kasi tofauti kidogo na zile zilizo katika protini. Mwenye uwezo wa kusikia mitikisiko hiyo anaweza kusema hapa pana mafuta, pale pana protini, bila kuongeza chochote kwenye sampuli.

Mwanafizikia wa India, C. V. Raman, alionyesha mwaka 1928 mjini Kolkata kwamba mwanga unaweza kuifichua mitikisiko hiyo. Mwanga wa rangi moja ukipita katika kimiminika, sehemu ndogo sana hutoka ikiwa imebadilika rangi, kwa sababu imeacha nishati kidogo kwenye mitikisiko ya molekuli. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1930. Tatizo la njia yake ni uhaba: takriban chembe moja tu ya mwanga, yaani fotoni, kati ya milioni 10 ndiyo hubadilika hivyo. Kupata picha ya kipande cha tishu kwa njia hiyo kunaweza kuchukua saa nyingi, na mgonjwa aliye mezani hana saa hizo.

Kwa nini huitwa "isiyo ya mstari"?

Wasikilizaji wa redio wanaujua mfano huu vizuri. Ukiongeza sauti ya redio kidogo kidogo, muziki hubaki ule ule, unakuwa mkubwa tu. Ukiendelea kuongeza kupita kiasi, spika huanza kukoroma. Sauti inayotoka sasa ina milio ambayo haikuwamo katika muziki wenyewe. Kitambaa cha spika kimeshindwa kufuata kila wimbi kwa uaminifu, na katika kushindwa huko kinazalisha mawimbi mapya.

Elektroni zilizo ndani ya vitu ni kama kitambaa hicho. Mwanga wa taa au wa jua ni dhaifu, kwa hiyo elektroni hucheza kwa kuufuata mwanga sawasawa. Mwanga ukiongezwa mara mbili, jibu nalo huongezeka mara mbili. Ukichora uhusiano huo kwenye karatasi unapata mstari ulionyooka. Lakini mwanga ukiwa mkali kupita kiasi, elektroni hushindwa kufuata, na kitu huanza kutoa rangi ambazo hazikuwamo katika mwanga ulioingia. Mstari kwenye karatasi unapinda. Ndiyo maana ya "isiyo ya mstari".

Mtu wa kwanza kuandika hesabu za jambo la namna hii alikuwa Maria Göppert-Mayer, katika tasnifu yake ya udaktari mjini Göttingen, Ujerumani, mwaka 1930. Alionyesha kwamba atomi moja inaweza kumeza fotoni mbili kwa wakati mmoja. Hakukuwa na njia ya kuthibitisha, kwa sababu hakukuwa na mwanga mkali wa kutosha. Yeye mwenyewe alikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1963 kwa kazi nyingine kabisa, ya kiini cha atomi.

Doa lililofutwa

Mwanga mkali ulipatikana Mei 1960, pale Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko Malibu, California, kwa kutumia fimbo ya yakuti nyekundu iliyotengenezwa maabara. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliielekeza leza ya aina hiyo kwenye fuwele ya kwatzi. Mwanga ulioingia ulikuwa mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694. Upande wa pili ulitoka mwekundu ule ule, lakini pamoja nao palikuwa na mwanga hafifu sana wa urujuanimno, nanomita 347, nusu kamili ya urefu wa kwanza. Fotoni mbili zilikuwa zimeungana na kuwa moja.

Ushahidi ulikuwa doa dogo kwenye bamba la picha. Makala ilipochapishwa, mshale unaoonyesha doa ulikuwapo lakini doa lenyewe halikuwapo. Inaelezwa kwamba waandaaji wa jarida walidhani ni uchafu wakaliondoa. Hata hivyo ugunduzi ulisimama, na ndani ya mwaka huo huo watafiti wa maabara za Bell waliona kwa macho yao kile ambacho Göppert-Mayer alikitabiri miaka 30 kabla.

Leza inayopiga kwa muda mfupi

Msomaji anaweza kuuliza: mwanga mkali kiasi hicho hauunguzi sampuli? Ukiachwa uwake mfululizo, ndiyo, utaunguza. Siri iko katika muda. Leza zinazotumika leo hutoa mwanga kwa mapigo mafupi mno, yanayopimwa kwa pikosekunde na femtosekunde. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Kila pigo ni kali sana, lakini kati ya pigo moja na lingine kuna kimya kirefu, kwa hiyo wastani wa nguvu inayoifikia tishu ni mdogo na tishu inabaki salama.

Aliyeionyesha dunia faida ya mapigo hayo ni mwana wa Afrika. Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, alitumia mapigo ya femtosekunde katika taasisi ya Caltech kufuatilia molekuli zikivunjika na kuungana hatua kwa hatua. Alipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999. Mbinu ya kuyakuza mapigo hayo bila kuharibu leza yenyewe iliwapa Donna Strickland na Gérard Mourou tuzo ya fizikia mwaka 2018. Waliyanyoosha mapigo yawe marefu na dhaifu, wakayakuza, kisha wakayabana tena.

Miali miwili na bembea moja

Turudi kwa Raman na tatizo lake la uhaba. Suluhisho lilikuwa kutokusubiri mitikisiko ijitokeze yenyewe, bali kuilazimisha.

Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma ovyo, bembea haiendi popote. Ukimsukuma kwa kufuata mdundo wake, kila msukumo unaongeza mwendo. Watafiti huchukua miali miwili ya leza yenye rangi tofauti na kuielekeza mahali pamoja. Tofauti ya masafa kati ya miali hiyo hupangwa ilingane na mdundo wa molekuli wanayoitafuta. Hapo molekuli zote za aina hiyo huanza kutikisika kwa pamoja, na jibu lao huwa na nguvu maelfu ya mara kuliko katika njia ya kawaida ya Raman.

Kuna namna mbili za kulisikia jibu hilo. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1965 katika maabara ya kampuni ya magari ya Ford, jimboni Michigan: molekuli zinazotikisika hutoa rangi ya tatu, mpya, ambayo hupokelewa peke yake. Njia hii, ijulikanayo kwa kifupi kama CARS, ilisaidia sana kupima joto ndani ya moto na injini, mahali ambapo kipimajoto cha kawaida hakiwezi kuingia. Mwaka 1999 iligeuzwa kuwa hadubini ya kutazama chembe hai. Kasoro yake ni kwamba vitu visivyotafutwa navyo hutoa mwanga kidogo wa rangi hiyo hiyo, na picha inaingiwa na kelele.

Namna ya pili ilifanywa kuwa hadubini yenye uwezo mkubwa na kundi la Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2008, na kifupi chake ni SRS. Hapa hakutafutwi rangi mpya. Molekuli zikitikisika, mwali mmoja hupoteza mwanga kidogo na mwingine huongezeka kiasi hicho hicho. Badiliko hilo ni dogo mno, hata sehemu moja katika elfu kumi au chini ya hapo. Linasikikaje? Kwa ujanja wa redio. Mwali mmoja huwashwa na kuzimwa mara mamilioni kwa sekunde, na kipokezi husikiliza mwali wa pili katika mdundo huo tu, kama redio inavyochagua kituo kimoja na kuacha vingine vyote. Kinachosikika ni ujumbe wa molekuli, na kelele inabaki nje.

Kutoka maabara hadi chumba cha upasuaji

Tishu ya ubongo inafaa sana kwa njia hii kwa sababu ina mafuta mengi. Nyuzi za neva zimezungukwa na ala ya mafuta, wakati viini vya chembe vina mafuta machache na protini nyingi. Hadubini ya SRS ikipima mdundo wa mafuta na mdundo wa protini, kompyuta inaweza kuchora picha inayofanana na ile iliyotiwa rangi maabara, na mwanapatholojia akaisoma bila kujifunza upya kila kitu.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa leza. Leza za zamani zilihitaji meza nzito isiyotikisika, chumba chenye joto lisilobadilika na fundi wa kuzirekebisha kila siku. Hazikuwa vifaa vya hospitali. Mwaka 2017 kundi la Chuo Kikuu cha Michigan, chuo kile kile cha doa lililofutwa, lilichapisha matokeo ya kifaa kinachosukumwa kwa magurudumu hadi kando ya meza ya upasuaji. Leza yake inapita ndani ya nyuzi za kioo, teknolojia iliyokuzwa na viwanda vya mawasiliano. Ni ndugu wa nyuzi zinazoleta intaneti kupitia chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam. Kifaa kilijaribiwa kwa sampuli za wagonjwa 101.

Kikwazo cha pili kilikuwa macho ya kusoma picha, kwani si kila hospitali ina mwanapatholojia wa ubongo. Katika utafiti wa mwaka 2020, programu ya akili mnemba ilifundishwa kwa picha zaidi ya milioni 2.5 kutoka kwa wagonjwa 415. Kisha ikajaribiwa katika hospitali tatu kwa wagonjwa 278 ambao haikuwahi kuona picha zao. Iligundua aina ya uvimbe kwa usahihi wa asilimia 94.6. Wanapatholojia waliosoma sampuli kwa njia ya kawaida walipata asilimia 93.9.

Tarakimu hizo zisisomwe kwamba kompyuta imemshinda daktari. Tofauti ni ndogo mno kusema hivyo. La maana zaidi ni kwamba makosa ya kompyuta hayakuwa makosa yale yale ya wanapatholojia: pale mmoja alipokosea, mwingine alipatia. Hiyo ni hoja ya kuwatumia wote wawili, si ya kumwondoa mmoja.

Hatua nyingine ilifuata Novemba 2024, katika jarida la Nature. Safari hii swali halikuwa uvimbe ni wa aina gani, bali umebaki wapi. Glioma hujipenyeza ndani ya ubongo wenye afya bila mpaka unaoonekana kwa macho, na mabaki yake ndiyo chanzo cha ugonjwa kurudi. Mfumo mpya ulijaribiwa kwa wagonjwa 220 na kutambua mabaki kwa usahihi wa takriban asilimia 92, na ukitumia picha za haraka zisizo na undani mkubwa hutoa jibu kwa sekunde 10 tu. Watafiti waliripoti kwamba mfumo huo ulikosa kuona mabaki ya hatari kwa asilimia 3.8 ya mara, wakati njia za kawaida za kumwongoza daktari zilikosa kwa karibu asilimia 25.

Kupima usugu wa bakteria

Nje ya chumba cha upasuaji, hadubini hiyo hiyo inajaribiwa katika tatizo linalotugusa moja kwa moja: bakteria wasiosikia dawa. Leo maabara ikishapata bakteria kutoka kwa mgonjwa, hulazimika kuwaotesha pamoja na dawa mbalimbali na kusubiri kwa kawaida hadi siku ya pili kuona ni dawa ipi inawazuia. Daktari asiyeweza kusubiri hutoa dawa kwa kukisia, na kukisia huko huongeza usugu.

Kundi la Chuo Kikuu cha Boston lilionyesha mwaka 2020 njia ya mkato. Bakteria huwekwa katika maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake ni ya aina nzito iitwayo deuteri. Bakteria aliye hai na anayekula huingiza deuteri katika mafuta na protini zake. Kiungo cha kaboni na deuteri kina mdundo wake wa pekee ambao hauko katika kitu kingine ndani ya chembe, kwa hiyo hadubini ya SRS huuona wazi. Ikiwa dawa imefanya kazi, bakteria anaacha kula na mdundo huo haupo. Kutoka koloni la bakteria hadi jibu, watafiti walitumia chini ya saa mbili na nusu.

Vimelea vya malaria vinavyong'aa

Kimelea cha malaria hula hemoglobini ndani ya chembe nyekundu ya damu. Mabaki ya mlo huo yana sumu kwake, kwa hiyo huyageuza kuwa vijifuwele vidogo vya rangi ya kahawia iliyokoza viitwavyo hemozoini. Mwaka 2008 watafiti mjini Montreal, Kanada, walionyesha kwamba vijifuwele hivyo hujibu kwa nguvu vikipigwa na leza ya infraredi yenye mapigo mafupi. Fotoni tatu huungana na kuwa moja, na kila penye kimelea huonekana kitone king'avu, bila kutia damu rangi yoyote.

Je, kipimo hiki kipo hospitalini? Hapana. Zahanati bado zinategemea hadubini ya kawaida na kipimo cha haraka cha damu ya kidoleni, ambacho ni cha bei nafuu na hakihitaji umeme. Leza ya femtosekunde haiwezi kushindana navyo katika zahanati ya kijijini. Faida yake kwa sasa ni ya utafiti.

Uso wa maji na siri ya majani

Baadhi ya majibu ya mwanga mkali hayatokei ndani ya kimiminika, bali usoni pake tu. Sababu ni mpangilio. Ndani ya maji molekuli zimeelekea kila upande na majibu yao yanafutana, lakini usoni zina upande wa juu na wa chini. Mbinu iliyojengwa juu ya tofauti hiyo, ambayo Y. R. Shen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake katika miaka ya 1980, imeonyesha kwamba sehemu ya molekuli za uso wa maji huachia hidrojeni moja ichomoze hewani bila kushikana na jirani. Elimu hiyo inahusu mambo mengi, kuanzia kemia ya mawingu hadi kutu kwenye chuma.

Mfano mwingine unafundisha tahadhari. Mwaka 2007 watafiti wa Berkeley walitumia mfuatano wa mapigo ya leza kuchunguza jinsi bakteria wanaotumia mwanga wa jua wanavyosafirisha nishati. Waliona mawimbi yaliyodumu kuliko ilivyotarajiwa, na wengi wakaanza kusema kwamba viumbe hawa hutumia sheria za kwantumu kutafuta njia bora ya nishati. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Majaribio yaliyofuata, pamoja na mapitio ya kundi kubwa la wataalamu mwaka 2020, yalionyesha kwamba mawimbi yale ya muda mrefu yalitokana zaidi na mitikisiko ya kawaida ya molekuli, na kwamba hayana mchango mkubwa katika usafirishaji wa nishati. Kifaa hakikukosea. Kilichokosewa ni tafsiri, na kifaa kile kile kiliporudiwa kwa makini zaidi ndicho kilichosahihisha.

Tuzo ya mwaka 2023

Hatua ya mbali zaidi ya elimu hii inaanzia kwenye jaribio la mwaka 1987 la Anne L'Huillier na wenzake nchini Ufaransa. Walipitisha leza ya infraredi katika gesi adimu na kupata sauti za juu nyingi za mwanga, kwa maneno mengine, mawimbi yenye masafa mara kumi, mara ishirini na zaidi ya wimbi lililoingia. Mawimbi hayo yakiunganishwa hutoa mapigo ya atosekunde, mafupi mara elfu kuliko femtosekunde, yanayotosha kufuatilia mwendo wa elektroni zenyewe. L'Huillier, Pierre Agostini na Ferenc Krausz walipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2023. L'Huillier ni mwanamke wa tano kuipata tuzo hiyo. Göppert-Mayer alikuwa wa pili na Strickland wa tatu, na wote watatu wana alama yao katika historia ya mwanga mkali.

Kwa nini haijafika kwetu?

Sababu ya kwanza ni bei ya leza zenye mapigo mafupi. Ya pili ni matunzo: kifaa kikiharibika, fundi na vipuri viko mbali. Ya tatu ni umeme usiokatika. Ya nne haitajwi mara nyingi. Programu ya akili mnemba huijua tu dunia iliyofundishwa. Iliyolishwa picha za wagonjwa wa Marekani lazima ijaribiwe upya mahali ambapo aina za magonjwa, kwa mfano kifua kikuu cha ubongo kinachoweza kufanana na uvimbe, ni tofauti.

Lakini hoja ya kuihitaji ina nguvu zaidi huku kuliko kule ilikobuniwa. Nchi nyingi za Afrika zina wanapatholojia wachache mno, na wa ubongo ni wachache zaidi. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji mahali ambapo hakuna wa kusoma sampuli siku hiyo hasubiri dakika 30. Anaweza kusubiri majuma.

Msingi wa kuanzia upo. Tangu mwaka 2003 Kituo cha Leza cha Afrika, chenye makao Afrika Kusini, kimekuwa kikiunganisha watafiti wa bara hili. Nchini Tanzania, Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walionyesha mwaka 2019 kwamba mwanga wa infraredi pamoja na akili mnemba unaweza kukadiria umri wa mbu na kutambua spishi yake. Umri una maana kubwa, kwa sababu kimelea cha malaria huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, na mbu anayekufa mapema hamwambukizi mtu. Hiyo ni spektroskopia ya mstari, ya bei nafuu zaidi, si ile tuliyoieleza hapa. Lakini ujuzi wake ni ule ule: kukusanya alama za mwanga, kuzisafisha na kuifundisha kompyuta kuzisoma.

Leza za nyuzi za kioo zinaendelea kuwa ndogo. Kilichohitaji chumba kizima mwaka 1999 sasa kinasukumwa kwa magurudumu. Mambo ya kufuatilia katika miaka ijayo ni mawili: bei ya leza hizo, na majaribio ya programu kwa wagonjwa wa nje ya Marekani na Ulaya. Hayo mawili ndiyo yatakayoamua iwapo daktari wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura naye atapata jibu lake wakati mgonjwa angali mezani.